Kupanga walimu kwa mahudhurio ya wanafunzi: hii hesabu inaziumiza shule za pembezoni, tuijadili

Chaki Nyeupe (mtoa mada)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Naomba tukae kidogo na hili suala la ikama ya walimu, yaani idadi ya walimu ambao shule inatakiwa kuwa nao, maana linapita kimya kimya huko vikaoni na wanaoumia hawana pa kusemea.

Kwa wasio walimu nieleze kwanza inavyokwenda. Serikali ina kiwango chake, shule ya msingi mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, awali mwalimu 1 kwa watoto 25. Mwalimu mkuu anajaza takwimu, zinaingia kwenye mfumo, halmashauri inachukua idadi ya wanafunzi inagawa kwa 45, jibu linalotoka ndo mahitaji ya shule. Ukiwa na walimu pungufu unaandikiwa upungufu, wakizidi unaandikiwa ziada, na hao wa ziada siku yoyote wanapata barua ya msawazo wanapelekwa kwingine. Mpaka hapo sina ugomvi sana, lazima pawe na kipimo, bila kipimo wote tungejazana mjini karibu na stendi na umeme.

Shida iko hapa. Kuna maafisa kwenye baadhi ya halmashauri, yangu ikiwemo na siitaji jina, wanasema idadi ya walioandikishwa haiaminiki kwa hiyo wanataka kupanga walimu kwa mahudhurio. Wanakuja shuleni wanafungua rejista wanachukua waliokuwepo darasani wanatafuta wastani, halafu hiyo ndo wanagawa kwa 45. Ukiisikia mara ya kwanza unaona ina mantiki, mwalimu afundishe watoto waliopo sio majina.

Sasa chukueni shule yenye watoto 540 kwenye rejista. Gawa kwa 45 unapata walimu 12. Waliopo ni 8, upungufu 4, na huo upungufu umeandikwa kwenye ripoti miaka nenda rudi. Ije hesabu ya mahudhurio, siku hizo wanaokuja ni 360. Gawa kwa 45 unapata 8. Upungufu umefutika kwenye karatasi, hakuna aliyeajiriwa hata mmoja, hakuna aliyehamishiwa pale, na wale watoto 180 wengine ambao sheria inawataka wawe darasani wameshahesabiwa kama hawapo duniani. Mwakani mwalimu mkuu akiomba mwalimu anaambiwa wewe uko sawa kabisa ikama yako imetimia.

Na hiyo 360 sio kwamba watoto wanachukia shule. Kila aliyefundisha huku anaujua utoro wa rejareja, mtoto anakuja Jumatatu Jumanne, Jumatano ni siku ya mnada hayupo, Alhamisi anarudi. Wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna madarasa yanapungua, mvua ikikolea mto unajaa walioko ng'ambo wanabaki ng'ambo. Lakini sababu kubwa kuliko zote, na hii naisema kwa kuwa naiona kila siku, ni kwamba mtoto anajua darasa lake halina mwalimu. Mtoto wa la nne anakaa vipindi vitatu anaangalia ubao wenye kazi ya jana, saa nne akitoka mapumziko anapitiliza nyumbani. Mzazi akimuuliza anasema hatufundishwi, na anasema kweli. Kesho yake mzazi anampa ng'ombe.

Ndio maana nasema hii hesabu inajizungusha. Walimu wachache wanaleta utoro, utoro unashusha mahudhurio, mahudhurio yanashusha ikama, ikama ikishuka unapelekewa barua ya kupunguza mwalimu mwingine, unarudi pale pale ila chini zaidi. Shule ya mjini yenye walimu wa kutosha inahudhuriwa vizuri kwa hiyo inazidi kustahili walimu. Aliyenacho anaongezewa.

Bado kuna shule ndogo, na hapa hata kugawa kwa walioandikishwa kunaleta balaa. Shule ina watoto 120 kuanzia la kwanza mpaka la saba. 120 kwa 45 ni mbili na kitu, tuseme walimu 3. Madarasa 7. Saa mbili kamili asubuhi madarasa saba yote yanahitaji mtu mbele, watu ni watatu, manne yamekaa wazi. Mwalimu mkuu naye kahesabiwa kwenye hao watatu, na mwalimu mkuu ana kikao kata, ana mafundi wa choo, ana mfumo wa fedha wa kujaza. Akitoka wamebaki wawili. Mmoja akienda likizo ya uzazi siku 84 bado kwenye ikama anasomeka yupo. Watoto hawaji wakiwa wamefungwa mafungu ya 45, wanakuja kwa madarasa, kila darasa na masomo yake.

Pale ofisi ya mwalimu mkuu kuna ule ubao mweusi mdogo, safu za WAV, WAS, JML, yaani wavulana, wasichana, jumla, kila asubuhi mwalimu wa zamu anafuta ya jana anaandika ya leo, walioandikishwa, waliopo, wasiopo, wagonjwa, wenye ruhusa. Ule ubao uliwekwa ili safu ya wasiopo ikiongezeka mtu aende kijijini akaulize kulikoni. Leo wanataka ile namba iamue nani afundishwe na nani asifundishwe. Tukishaifanya hivyo itaacha kusema ukweli, maana mwalimu mkuu gani atakayeandika wasiopo 180 wakati anajua kila 45 ni mwalimu mmoja anaondoka?

Naomba mawazo, hasa walioko ofisi za elimu, mje mseme na upande wenu.

---

Mkulima wa Pamba

Mwalimu umeongea. Mimi ni mzazi niko mkoa wa Simiyu, watoto wangu wanne wamepita shule hiyo hiyo moja. Huyu wa mwisho ana akili kuliko kaka zake lakini mwaka jana alikuwa ananigomea kwenda, nikadhani ni utundu, nikaenda mwenyewe asubuhi nikakaa nje chini ya mti. Mpaka saa tano hakuna mtu kaingia la tano. Watoto wamepanga madawati wanapigiana kelele, kiranja kashika fimbo anaandika majina ya wapiga kelele basi. Nikamfuata mwalimu, mdada mdogo tu, alikuwa kaunganisha la kwanza na la pili, jasho linamtoka, akaniambia baba unaona mwenyewe. Sikuwa na la kusema. Huyo ndo unamwambia watoto hawahudhurii kwa hiyo ahamishwe?

---

Afisa Mchanga

Mtoa mada shikamoo. Niko ofisi ya elimu halmashauri fulani, dawati la takwimu, nitajibu kwa heshima kwa sababu umeuliza kwa heshima.

Kwanza mjue kwa nini mahudhurio yanaangaliwa. Elimu bila ada ilivyoanza Januari 2016 uandikishaji la kwanza ulipanda vibaya sana, na ruzuku ya uendeshaji inakwenda kwa kichwa, shule ya msingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sekondari 25,000. Pesa ikifuata kichwa vichwa vinaongezeka, ndo binadamu. Mwaka huo huo 2016 uhakiki ukapita nchi nzima wanafunzi hewa wakakutwa kwa maelfu na walimu wakuu wengi wakavuliwa madaraka. Tangu hapo ukipeleka idadi ya uandikishaji juu unaulizwa umehakiki vipi. Kinachohakikika kwa macho ni waliokaa darasani.

Pili, mimi nina shule inasema ina wanafunzi 1,100. Nikaenda siku ya kawaida, sio mnada wala mvua, nikahesabu madawati kwa madawati, hawafiki 800. Kuna majina ya watoto waliohama na wazazi wao kwenda machimboni tangu mwaka juzi, hayajafutwa. Hiyo shule kwa karatasi inadai walimu wengine sita. Na mimi nimepewa walimu wapya tisa kwa halmashauri nzima. Nikiwapeleka sita pale kwa sababu ya majina, zile shule zako za pembezoni zinabaki na nini?

Kwa hiyo sisi sio kwamba tuna roho mbaya. Tunagawana umaskini.

---

Chaki Nyeupe

Mkuu Afisa Mchanga marahaba, na asante sana kwa kuja. Hoja yako ya majina ya watoto waliohama naipokea yote, hilo lipo na linatuumiza hata sisi, maana shule jirani ikidanganya ndo inayochukua mwalimu wangu.

Ila angalia dawa yake. Mtoto asiyeonekana siku 90 mfululizo taratibu zipo za kumtoa, anaandikwa mdondoko. Aliyehama ana uhamisho. Hao wasafishwe kwenye mfumo kila muhula, afisa elimu kata apite na rejista na orodha ya mwenyekiti wa kitongoji wakae pamoja, jina kwa jina. Hewa anaondoka na jina lake. Lakini mtoto wa utoro wa rejareja sio hewa. Yupo, ana jina, ana mama, kesho atakuja. Wewe ukitumia wastani wa mahudhurio unawafuta wote wawili kwa kalamu moja, yule hewa na yule mwenye njaa.

Na hiyo shule yako ya 1,100, wakishafutwa hewa tuseme wanabaki 850 halali na siku ya kawaida wanakuja 780. Ukipanga kwa 850 unapata walimu 19, ukipanga kwa 780 unapata 17 na kidogo. Tofauti ni ndogo kwa shule kubwa ya barabarani. Kule pembezoni ambako nusu wanakosa msimu wa kilimo tofauti ndo inaua.

---

Babu wa Rombo

Vijana naomba niongeze la kwetu Kilimanjaro maana sisi tatizo letu limegeuka. Huku watoto ndo wamepungua. Vijana wamehamia Arusha na Dar, wanaobaki wanazaa wawili, wengine wanapeleka watoto shule za Kiingereza za kulipia. Shule niliyosoma mimi ilikuwa imejaa mpaka tunakaa watatu dawati moja, leo darasa la kwanza ukienda unakuta watoto ambao unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono na miguu.

Kitaifa tunaonekana tuna walimu wengi kwa mwanafunzi, kila mwaka tunasikia walimu wa Kilimanjaro wapelekwe Geita, Katavi, Tabora kwenye uhitaji. Sikatai, mtoto wa Katavi naye ni mtoto. Lakini shule ikiwa na watoto 90 mkaiachia walimu wawili hiyo sio shule tena ni mahali pa kulinda watoto. Na mkisema tuunganishe shule mbili, njooni mtembee hii migongo ya mlima na mabonde yake kipindi cha masika mkiwa na miguu ya mtoto wa miaka sita, kwenye ramani ni kilomita mbili, kwa miguu unashuka bondeni unavuka kijito unapanda tena. Kuunganisha kwingine kunawezekana, kwingine hapana, aende mtu akaangalie.

Nakubaliana na mwalimu, waanze na madarasa. Madarasa saba walimu saba, ndo muanze kuongeza kwa wingi wa watoto.

---

Kalamu Nyekundu

Wote mmeongelea msingi, naomba nikumbushe kitu watu wameshasahau. 2017 na 2018 walimu wa sanaa wa sekondari walioonekana wamezidi walishushwa shule za msingi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa hesabu ya vichwa ilikuwa sahihi, sekondari ziada, msingi upungufu, hamisha. Lakini mtu kasomea Historia na Kiswahili kidato cha tatu na nne unampa darasa la kwanza afundishe kusoma, kuandika na kuhesabu, hajawahi kufundishwa namna ya kumfundisha mtoto aunganishe ba be bi. Nilijifunza kwa mama mmoja mwalimu wa daraja la 3A, yaani wa cheti, pale pale shuleni, alikuwa ananiachia darasa lake nikae nyuma niangalie, Mungu ambariki. Wengine hawakupata mtu kama yule.

Hapo ndo nataka kusema, namba inaweza kuwa sawa na shule bado haina mwalimu. Sekondari nilikotoka ilibaki na walimu wa kutosha kwa jumla na haikuwa na wa Fizikia hata mmoja. Ukiuliza unaambiwa ikama imetimia.

---

Bi Mwanakombo

Asalaam aleikum jamaa zangu wa Bongo. Mie niko Mombasa, mwalimu wa sekondari, nimeona uzi huu nikaona lazima nichangie sababu yetu ni jirani na yenu.

Kwetu TSC, tume inayoajiri walimu Kenya, kwa sekondari wanahesabu kwa mikondo na masomo, yaani kila kidato kimegawanywa mikondo mingapi, vipindi vingapi kwa wiki, ndipo wanajua walimu wangapi. Hesabu hiyo ni nzuri, tatizo ni kwamba walimu wenyewe hawaajiriwi wa kutosha kwa hivyo tunajazia na walimu wa bodi ambao wazazi ndio wanaolipa. Lakini angalau karatasi inasema ukweli, upungufu unaonekana.

Ambapo sisi tumeumia ni kwenye pesa. Kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ana mgao wake, shilingi 22,244 kwa mwaka, na kwa miaka mingi umefuata jina lililoko kwenye NEMIS, mfumo wa wizara wa kuorodhesha wanafunzi. Kuingia NEMIS kwa miaka mingi kulitaka namba ya cheti cha kuzaliwa. Sasa huku Pwani kuna watoto wangapi wasio na cheti? Mtoto yuko darasani, nimemuona kwa macho, anakaa dawati la mbele anajibu maswali, kwenye mfumo hayupo, pesa yake haiji. Na upande wa pili kuna shule zilizokuwa zikidai pesa za watoto ambao hawapo, mpaka 2025 wizara ikaanza kuhakiki shule kwa shule. Wizi na dhulma vyote viwili ndani ya orodha moja.

Hivyo dada Afisa, au ni kaka, msihamishe imani yenu yote kwenye namba moja. Iwe ya rejista, iwe ya mfumo, iwe ya mahudhurio.

---

Afisa Mchanga

Ni kaka, Bi Mwanakombo, na nimekusikia.

---

Mtanganyika wa Houston

Habari za nyumbani wadau. Mimi nafanya kazi shule moja huku Texas, sio mwalimu, niko ofisi ya mapokezi, kwa hiyo mahudhurio ndo kazi yangu kila siku. Nawaambia mnachokiogopa huku ndo maisha. Texas pesa ya shule inahesabiwa kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku, sio walioandikishwa. Kiwango cha kuanzia hesabu kwa miaka mingi kuanzia 2019 kilikuwa dola 6,160 kwa mwanafunzi na kinapigwa kwa huo wastani. California nao hivyo hivyo. Kuna saa maalum ya asubuhi inahesabiwa, mtoto akiwa kwenye kiti chake saa hiyo amehesabika, akichelewa hiyo saa ikapita basi siku hiyo kwa upande wa pesa hakuwepo.

Uzuri upo, siwezi kuficha. Shule inapambana watoto waje. Mtoto asipoonekana asubuhi mimi napiga simu nyumbani, kuna mtu kazi yake ni kwenda kugonga mlango, basi la shule linapita. Hiyo ndo tofauti kubwa na mnachotaka kufanya huko, huku kabla ya kukatwa unayo nyenzo ya kumleta mtoto. Na pamoja na hayo yote shule za mitaa ya maskini na za wahamiaji ndo zinaongoza kukosa watoto, mama anafanya kazi usiku, mtoto mkubwa anabaki na mdogo anayeumwa, kwa hiyo ndo hizo hizo zinazopungukiwa pesa. Mwalimu wa darasa la watoto 25 mshahara wake ni ule ule hata wakija 22, gharama haipungui kwa sababu watatu wanaumwa. Walimu wanalilalamikia hilo kila bunge la jimbo linapokaa.

---

Msoma Historia

Kwa faida ya uzi tu. Hili ni kongwe. Uingereza mwaka 1862 waziri mmoja anaitwa Robert Lowe alileta kanuni mpya ya ruzuku za shule, shilingi 4 kwa kila mtoto kwa wastani wa mahudhurio na shilingi 8 nyingine kwa mtoto aliyehudhuria ya kutosha na kufaulu kusoma, kuandika na hesabu mbele ya mkaguzi. Akifeli somo moja inakatwa sehemu yake. Lowe alijisifu bungeni kwamba mfumo usipokuwa na ufanisi utakuwa wa gharama ndogo, na usipokuwa wa gharama ndogo utakuwa na ufanisi. Kilichotokea walimu wakawa wanafundisha yale matatu tu, watoto wanakaririshwa kitabu kizima, na siku ya mkaguzi watoto wagonjwa wanatolewa kitandani wanaletwa shuleni maana kila mmoja ni hela. Waliendelea nayo mpaka miaka ya 1890 ndo wakaiacha. Kizazi kizima.

---

Nyota ya Mbozi

Samahani wakuu naomba kuuliza mimi ni mwalimu wa kujitolea, nimemaliza chuo 2019 bado sijapata ajira, wazazi wananichangia elfu 80 kwa mwezi wakati wa mavuno, wakati mwingine mahindi. Je sisi tunahesabiwa kwenye hiyo ikama? Maana mwalimu mkuu aliniambia nisiandikwe kwenye fomu la sivyo halmashauri itaona shule ina walimu wa kutosha.

---

Chaki Nyeupe

Mdogo wangu Nyota, kwanza pole na hongera, najua unavyofanya kazi. Ikama ni ya waajiriwa wa serikali, wewe haumo. Mwalimu mkuu wako ana hofu lakini huko sio kukusaidia, uandikwe kwenye kumbukumbu za shule kama mwalimu wa kujitolea, vipindi vyako viwe kwenye ratiba na jina lako, uwe na barua ya shule na ya kata. Ajira zikitangazwa, kama zile nafasi 13,130 za 2023, mtu mwenye ushahidi wa kujitolea anakuwa na kitu cha kuonyesha. Na pia ratiba yenye jina lako inaonyesha shule isingekuwepo bila wazazi kuchanga, hilo ndo tunalotaka lionekane.

Niwarudie wengine. Aliyeko Houston kagusa penyewe. Kama serikali inataka kutumia mahudhurio kama fimbo basi impe kwanza mwalimu mkuu uwezo wa kuyapandisha. Uji wa saa nne peke yake, wenye shule zenye uji mnajua, unga na sukari kidogo na kuni, mahudhurio ya la kwanza mpaka la tatu yanabadilika ndani ya wiki. Uji ukiisha yanarudi. Sasa mwalimu mkuu hana unga, hana pikipiki, hana nyumba ya mwalimu, kumi elfu kwa mtoto kwa mwaka na yote haifiki shuleni maana sehemu inabaki juu kwa ajili ya vitabu, halafu unamwambia mahudhurio yameshuka nakuchukulia mwalimu.

Kwangu mimi mpangilio ungekuwa hivi. Kila shule ianze na mwalimu mmoja kwa kila darasa, mwalimu mkuu asihesabiwe humo, shule shikizi, zile ndogo zilizo chini ya shule mama, nazo zipewe wa kutosha madarasa zilizonayo. Hicho kiwe sakafu hakuna kushuka chini yake hata watoto wawe wangapi. Baada ya hapo ndo uongeze kwa walioandikishwa wakishasafishwa majina. Mahudhurio yatumike kumtuma mtu kwenda kuuliza, yakishuka chini sana kwa mwezi mzima afisa elimu kata na mtendaji wafike pale, na kwanza waangalie ratiba, vipindi vingapi havikufundishwa. Yasitumike kumtoa mwalimu kamwe.

---

Afisa Mchanga

Mwalimu nimekaa na hii hoja tangu jana. Sakafu ya mwalimu kwa darasa naikubali kama kanuni. Shida yake nikuambie wazi ni kwamba nikiitekeleza kesho, nachukua walimu kwenye shule kubwa za mjini zenye watoto 100 darasa moja na wazazi wa mjini wanajua kupiga simu kwa mbunge. Shule ya pembezoni haina mtu wa kumpigia simu. Huko mjini pia kuna walimu wenye vibali vya kufuata wenza, wagonjwa wanaohudhuria kliniki hospitali ya wilaya, huwezi kuwapeleka mahali pasipo na zahanati. Na uhamisho una gharama, mtu anadai posho ya kujikimu na mizigo, bajeti haina, kwa hiyo msawazo unaofanyika ni ule wa ndani ya kata ambao ni wa bure. Ndio maana mnaona walimu wanazungushwa kwenye shule tatu zile zile.

Ila kuna kitu kinakuja ambacho nataka mkiangalie. Mtaala mpya ulianza 2024, msingi unakuwa miaka 6. Mwaka 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja, Januari 2028 wanaingia kidato cha kwanza vizazi viwili kwa mpigo. Msingi inabaki na madarasa sita badala ya saba. Kwa hiyo shule yako ya watoto 120 itakuwa na watoto pungufu ghafla, na mtu atakayegawa kwa 45 ataona walimu wa ziada kila mahali na atawapandisha sekondari ambako kutakuwa kumefurika. Tukifika hapo bila sakafu, shule ndogo zitafutwa walimu kwa mwaka mmoja.

---

Kalamu Nyekundu

Na watakaopandishwa ni sisi tulioshushwa 2018, tumeshakaa huku miaka yote hii tumejifunza kufundisha watoto wadogo ndo turudishwe kwenye Historia kidato cha kwanza. Hilo la 2028 lipigiwe kelele sasa hivi.

---

Mkulima wa Pamba

Mwalimu Chaki sisi wazazi tufanye nini, maana mnaongea mambo ya ofisini. Mimi niko kamati ya shule.

---

Chaki Nyeupe

Kaka hapo ndo penye nguvu kuliko hata mimi, maana mwalimu akiandika anaonekana anajitetea.

Chukueni ratiba ya wiki moja ya kawaida, msichague mbaya kuliko zote. Kamati ikae na mwalimu wa taaluma, kila kipindi kwenye ratiba muweke jina la mwalimu aliyeingia, kisichokuwa na mtu kiachwe wazi. Mkimaliza mtakuwa na karatasi moja ambayo hata asiyejua kusoma anaona mashimo. Pembeni yake muweke mahudhurio ya kila darasa wiki hiyo hiyo, bila kuongeza mtoto hata mmoja, muone kama darasa lenye mashimo mengi sio hilo hilo lenye watoro wengi. Mwenyekiti asaini, mtendaji wa kijiji agonge muhuri, ipitie kwa afisa elimu kata iende kwa mkurugenzi nakala kwa diwani wenu, na diwani aisome kwenye baraza sio abaki nayo mfukoni. Iwahi kabla halmashauri haijafunga makadirio ya ikama na mishahara, kabla ya mwaka mpya ni salama zaidi. Ikichelewa hapo mnasubiri mwaka mzima.

Afisa Mchanga nikuombe jambo moja. Karatasi ya namna hiyo ikifika mezani kwako kutoka shule yoyote, utaipokea kama takwimu?

---

Afisa Mchanga

Nitaipokea. Iwe na tarehe, idadi ya madarasa na mikondo, walimu waliopo kazini wiki hiyo na waliopo kwenye orodha ya mshahara lakini hawapo shuleni, masomoni, likizo, kuugua. Hicho cha mwisho ndo hakipo kabisa kwenye fomu zetu na ndicho nitakachobebea hoja kikaoni.

---

Bi Mwanakombo

Mwalimu, tuwekee humu mfano wa hiyo ratiba na sie tuichukue.

---

Chaki Nyeupe

Naiandaa Bi. Nitaiweka ya shule yenye madarasa saba na walimu wanne, mistari yote, halafu kila mtu abadilishe ya kwake.